Kidole cha Shahada

Kazi yangu ni kushika mikono ya watu.
Miaka kumi na mmoja, ofisi ya vitambulisho, Lamu,
chumba cha nyuma, dirisha moja
linaloona ukuta wa jirani na punda wake.
Wino, kioo, rola, fomu.
"Legeza," nawaambia. "Usinisaidie. Niachie mimi."

Hakuna anayelegeza.
Mwalimu hukaza kama bado ameshika chaki.
Yule wa duka la dhahabu hunipa kidole kimoja kimoja,
kama anayerudisha chenji.
Bi Mwanamize alikuja juzi na piko mpaka kiwikoni, harusi ya bintiye;
chini ya maua yale ncha za vidole ni ngumu kama ukingo wa ungo,
amesuka miyaa tangu kabla ya kuvunja ungo.
Na kijana mwenye saa kubwa, kiganja chake laini, kimelowa jasho:
nikajua, kabla sijasoma fomu,
kwamba umri alioutaja si wake.
Siulizi. Mimi napaka wino tu.

Kisha akaja Shekuwe Famau.
Wa Manda. Kukata mawe, kuchoma chokaa,
maisha yote.
Nikapaka, nikabingirisha, nikainua:
doa.
Doa jeusi, halina mstari hata mmoja.
Gumba, cha kati, cha pete. Nikafuta, nikarudia.
Cha shahada nacho kimekataa kushuhudia.
Mtu aliyeshika kila jiwe la mji huu,
karatasini yu kama ambaye hajagusa kitu.

Mwongozo unasema apumzishe mikono wiki mbili,
apake mafuta, alama zitarudi.
Nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa.
"Mwanangu, mikono ikilala wiki mbili,
na tumbo nalo litalala?"

Nami namjua.
Nyumba yetu ya Langoni, ukuta wa kisimani,
aliupiga chokaa yeye. Nilikuwa na miaka sita,
namletea maji kwa kata, nusu yanamwagika.
Siku ya mwisho alibonyeza kiganja kwenye chokaa mbichi,
akaniinua, nami nikabonyeza changu kando.
Mama aligomba siku nzima.
Hakuziba.

Jana usiku nilikwenda na tochi.
Changu kimekuwa kidogo, kama cha mtoto wa watu.
Chake, ukimulika kwa ubavuni, kipo:
kovu la gumba, na mistari, yote,
imejikunja kama mkeka unaoanzwa.
Alikuwa nayo, basi.
Ametuachia ukutani.

Ukuta hauingii kwenye bahasha ya Nairobi.
Fomu yake iko drooni mwangu, visanduku kumi vyeupe,
na chini, kwa maandishi madogo, swali la afisa:
Je, unamfahamu mwombaji? Eleza.
Wameacha mistari miwili.

Nimeandika, Ndiyo.
Kucha zangu zina wino ambao ndimu haiutoi.
Bado naeleza.