Laini Mbili

Kwa Haimbodi, upande wa Angola, mtandao unapatikana
juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya zizi,
ukisimama kwa mguu wa kulia, uso kusini,
kama mtu anayeomba kazi Namibia.
Kijiti kimoja. Wingu likipita, kinajificha.

Kwetu huku, ng'ambo ya waya, vijiti vinne
hata chooni.
Lakini mnara wetu una masikio, na masikio yamegeuzwa kusini
usije ukawasikia majirani bure.
Taa yake nyekundu ndiyo pekee inayovuka,
inakaa usiku kucha juu ya uwele wao
na haiwaletei kitu.

Mimi nauza vocha za nchi zote mbili
ndani ya kreti moja la soda.
Za dola kushoto, za kwanza kulia.
Kwanza ni jina la pesa yao;
mauzoni huwa ya mwisho.

Na simu yangu, mnara ukiyumba kwa upepo,
hutoroka ikalala kwao.
Nakoroga uji jikoni kwangu, naambiwa
karibu Angola, dakika moja ni bei hii,
na saa inarudi nyuma, saa nzima,
uji ukiwa uleule, haujachemka.

Usiku ule wa Februari vyura walikuwa wengi kuliko watu.
Haimbodi alifika wayani na tope hadi kiunoni:
Ndahafa ameshikwa, na gari halipiti majini.
Nikampigia nesi Tuyenikelao.
Vijiti vinne, sauti kama yuko kitandani kwangu.
Ila mwenye uchungu alikuwa hatua mia nne
ndani ya nchi isiyosikia.

Basi tukawa minara.
Mimi wayani, simu sikioni;
Haimbodi kwenye kichuguu;
mama mkwe wake, Nangula, mlangoni.
Nesi akisema, napaza;
nikipaza, anapaza; Nangula anaingiza ndani.
"Mwambie asisukume bado!"
Vyura wakaimeza "si" katikati ya safari,
ikafika, "Asukume!"
Na Ndahafa, ambaye hakuwa amemngoja yeyote,
akajibu kwa kilio ambacho hakikuhitaji kupokezwa.
Nilikisikia mwenyewe. Nesi pia alikisikia,
Eenhana, kupitia kiganja changu.

Kisha kilio cha pili, chembamba.

Simu yangu: saa sita na dakika ishirini, tarehe tano.
Ya Haimbodi: saa tano na dakika ishirini,
tarehe nne.
Tulibishana wayani hadi mbu wakatufukuza.
Nilimwambia, nesi alikuwa kwangu.
Akaniambia, mtoto alikuwa kwake.

Meameno sasa ana miaka saba.
Tarehe nne anachinjiwa jogoo kwao,
tarehe tano anapenya chini ya waya
anakuja kunidai biskuti, na mimi, mjinga, ninampa.

Mwaka jana walijengewa mnara wao.
Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaondoka.
Haujawashwa. Kunguru wamezaa juu mara mbili.

Kichuguu hawajakibomoa.
Jana jioni nilimwona mtoto amesimama pale,
mguu wa kulia, uso kwangu,
mikono mitupu,
akiniita kwa jina kuniuliza
kwetu saa ngapi.