Salfa Mbili

Saa kumi alfajiri, umande ungali kwenye majani,
Likanda anabeba bomba mgongoni
na kuingia shambani. Mikorosho imechanua.
Jikoni nasikia mngurumo,
kisha naona wingu la njano, kisha namsikia yeye,
akikohoa kabla ya jogoo.

"Nisipopuliza, ubwiriunga utakula maua,
na maua yakiliwa, mwanao atasomea nini?"
Hapo hana kosa. Korosho ndiyo bati, ndiyo daftari,
ndiyo dumu la maji tunalonunua
huku juu Tandahimba, ambako kisima ni hadithi.

Tabibu Atupele, mgeni wa kutoka Tukuyu,
alimsikiliza kifua muda mrefu
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.
"Barakoa kwanza," akasema. "Halafu mboga.
Zina viini ambavyo huenda vinatuliza njia za hewa;
wanaovichunguza bado wanapima.
Si dawa. Usije ukaacha barakoa ukala mchicha."
Likanda akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Tangu siku ile nimeotesha vitunguu nyuma ya bafu;
vinakunywa maji tuliyokwisha kuoga.
Nachuma mlonge. Natwanga kisamvu,
nakiunga kwa korosho zilizopasuka,
zile ambazo ghala huzikataa.
Na kila nikikata kitunguu machozi yananitoka,
nami najua (nilimuuliza Atupele, akacheka, akakubali)
kinachoniliza humu ndani ni salfa pia:
salfa iliyopita mzizini,
ikafunzwa adabu na udongo,
ikafika sufuriani bila mngurumo.

Usiku nahesabu vikohozi vyake gizani.
Jumatatu ishirini na sita.
Jana kumi na tisa.
Huenda ni kitunguu. Huenda ni kile kipande cha kanga yangu
alichokubali kujifunga puani, akidai ni kwa ajili ya baridi.
Au upepo tu umegeuka,
ukaelekea kwa jirani, kwa Somoe,
ambaye leo, bomba lilipoanza kunguruma,
nilimsikia akikohoa ng'ambo ya ua.

Nimempelekea fungu la vitunguu,
vingine vina udongo bado.
Hakuuliza ni vya nini.