Maji ya Chumvi, Uvinza

Katekista Ntakije alitufundisha kwa vidole viwili:
hiki utakatifu, hiki upendo.
Akavitazama, akakuna kichwa,
akaturuhusu twende.

Nilikuwa na kidonda mguuni,
nimekifunika kwa jani, siku ya nne kinanuka.
Nilimficha shangazi Skolastika;
lakini mpika chumvi huyo, pua yake haihongeki.

Akanilaza mkekani,
akamimina maji ya chumvi, ya moto.
Nikapiga yowe. Nikamwita mchawi.

Hakuuchekea usaha.
Aliukamua kama anayeudai,
machozi yake yakidondokea papo hapo,
chumvi juu ya chumvi,
nisijue ipi ndiyo inayoniuma.
Kisha akaufuta kwa kitenge chake cha Pasaka,
kile kimoja,
na Jumapili akakivaa na doa lake.

Leo nina mvi, kuhubiri sijui.
Ila nikisikia kwamba Mungu
ana mkono wa kuchukia na mwingine wa kupenda,
napandisha suruali, natazama kovu.

Mkono mmoja ulishika kifundo nisikimbie,
wa pili ukasugua.
Mpaka leo sikumbuki
upi ulikuwa upi.