Kiputo cha Pimamaji

Homa ilikaa siku sita ikaaga vizuri,
kama mgeni aliyekunja shuka lake.
Asubuhi ya saba nikaweka mguu chini
na sakafu niliyoimwaga mwenyewe,
mifuko minne ya saruji, mchanga wa Namatala,
ikainuka upande mmoja
kama karai lililokanyagwa ukingo.

Nikashika ukuta. Ukuta nao ulikuwa safarini.

Malaria: hakuna. Sukari: sawa. Presha: sawa.
"Kirusi kimepita," daktari alisema huku akiandika,
"ila kimeacha jeraha kwenye sikio la ndani.
Huko ndiko mwili unakopimia usawa."
Nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Miaka ishirini na miwili natembea na pimamaji begani,
kile kioo chenye maji ya kijani
na kiputo kinachotafuta katikati.
Kumbe nami nilizaliwa na changu
na sikuwahi kukishukuru.

Sasa nikipita kilabu cha malwa saa tatu asubuhi
wanasogeza mirija, wananipa nafasi:
"Karibu, fundi, naona umetangulia."
Mimi, ambaye pombe naijua kwa harufu tu.
Msikitini nasali juu ya kiti, pamoja na wazee wa magoti,
maana nikisujudu zulia linanimeza
na sijui tena paji langu limeelekea Makka au Soroti.

Wandwasi amechukua jukwaa langu.
Ghorofa ya pili ya shule kule Nkoma,
yeye juu anapiga mluzi, mimi chini nahesabu matofali,
na hata kuhesabu, nikiinamisha shingo,
ishirini inakuwa ishirini na kitu.
Jioni ananiletea sehemu ya ujira wake.
Si sadaka, anasema.
Sote wawili tunajua ni nini.

Umeme ukikatika ndiyo mbaya zaidi.
Macho yalikuwa fimbo yangu; giza linaninyang'anya.
Kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua kumi na nne,
nimezifungia kamba ya manila, nguzo kwa nguzo,
naifuata kama mbuzi aliyejifunga mwenyewe.
Nambozo hujifanya amelala.
Nasikia pumzi yake imesimama hadi nirudi.

Hospitalini, dada Apolot wa mazoezi
hana kidonge, ana kidole gumba.
"Kiinue mbele ya uso. Kitazame.
Geuza kichwa kulia, kushoto. Gumba lisikimbie."
Gumba linakimbia. Tumbo linapanda kooni.
"Hapo hapo," anasema, "ndipo dawa ilipo.
Ukikikwepa kizunguzungu, kitakufuga."

Basi naugua kwa ratiba, mara tatu kwa siku.
Nyumbani nimeliacha gumba, nimechukua Wanale,
ule ukingo wa jabali juu ya mji,
na uzi mweupe wa maji unaoshuka wima baada ya mvua,
timazi ambayo hakuna fundi aliyeitundika.
Naitazama, nageuza kichwa, naitazama.
Kuna siku inakaa mahali pake
hadi nafika tisa.

Huu ni mwezi wa tano.
Jana nimejenga: ukuta wa banda la kuku,
nimekaa juu ya ndoo, kozi tatu, si zaidi,
kila tofali nikilingoja litulie kwanza kichwani
ndipo nililaze kwenye udongo.
Khaitsa akaja na pimamaji, akaiweka ukutani:
kiputo katikati, kama kiini cha yai.
Akanitazama.
Akaichukua, akaiweka utosini pangu,
akapanda kigogo apate kusoma,
ulimi nje, jicho moja kalifumba.

"Usicheke, baba, unakitikisa."

Nikajikaza. 
"Kiko wapi?"
"Kimeenda kushoto," akasema. "Lakini kinarudi...
hapana. Ngoja.
Usipumue."