Nguzo ya Saba

Nimeshuka na futi ya chuma, chaki,
daftari lililovimba kwa unyevu.
Ruangwa, mita thelathini na moja chini ya mikorosho ya Bi Somoe Nambole,
mkono wa kushoto, nguzo ya saba.

Upana: mita mbili na robo. Mwaka jana zilikuwa tatu.
Kimo: mbili na nusu. Hata sakafu wameichimba.
Nagonga kwa nyundo. Mwamba mzima hulia ngo!
Huu unasema bu,
kama mtungi uliofichwa ufa siku ya kuuzwa.

"Tazama ilivyoumbika," anasema Likwelile, msimamizi wa duara,
tochi yake ikiteremka taratibu. "Kiuno cha nyigu."
Kweli: juu pana, chini pana, katikati imekatika.
Ngomani kiuno ni sifa.
Huku chini, nguzo yenye kiuno inaaga.

Hesabu yenyewe haina makuu.
Nguzo hubeba nusu ya njia ya kulia, nusu ya kushoto,
nusu ya mbele, nusu ya nyuma,
na vyote vilivyo juu ya nusu hizo mpaka kwenye nyasi:
mawe, udongo mwekundu, mizizi, mabibo yaliyodondoka,
Bi Somoe mwenyewe ameinama anaokota.
Gawa kwa unene wa anayebeba.

Maabara wamenipa namba nzuri.
Walikamua kipande cha ukubwa wa ngumi, kikavumilia sana.
Lakini ngumi haina nyufa za nguzo.
Ngumi haijasimama miaka minane
ikisikiliza zamu ya usiku inavyokuja na patasi.

Nawajua wanaomega. Dhahabu imelala humo humo,
kwenye mguu tulioacha usimame,
na korosho safari hii zimeuzwa kwa bei ya kulilia.
Mmoja namtambua kwa makovu aliyoyaacha:
anapiga kwa mkono wa kushoto, toka chini kwenda juu,
hivyo hivyo alivyonichongea penseli za shule.

Nikakoroga jasi kwenye kopo la maziwa,
nikabandika kipande cha kioo juu ya ufa.
Tarehe. Saa. Herufi zangu.
Mlima ukisogea unywele, kioo kitasema.

Alfajiri, kioo kizima.
"Si nilikwambia?" Likwelile anacheka.
Nazunguka nyuma.
Vumbi jeupe, jipya, halijakanyagwa,
na makovu sita, toka chini kwenda juu.

Naandika: *Njia ya saba ifungwe. Matimba manne kabla ya zamu.*
Kisha pale panapodai jina la aliyemega
kalamu inasimama, inatoboa karatasi.

Likwelile anauliza kama nimemaliza.
Kutoka darini kokoto moja, ukubwa wa korosho,
inagonga kofia yangu.

Ya pili.