Toa Hasi Nje

Umeme ulikatika saa moja na robo.
Mwalimu Mabushi akawasha tochi ya simu, akaendelea:

x³ − 2x² − 9x + 18

Tuko kumi na mmoja, darasa la jioni, Igogo,
juu kule ngazi zinapogeuka kuwa mawe,
mikono inanuka dagaa hata baada ya ndimu.

"Watatu hapa wana x," alisema. "Wa nne hana.
Msimtese kwa asichokuwa nacho.
Wapangeni wawili wawili, muone."

Hilo nalijua bila chaki.
Gunia likimwagwa Mwaloni alfajiri
hakuna anayeuliza rundo zima lina undugu gani.
Furu kwa furu, dagaa kwa dagaa,
ndipo utaje bei.

Jozi ya kwanza ikanitii: x² nje, ndani x − 2.
Ya pili nikatoa tisa,
ikabaki −x + 2.
Nikayatazama mabano yale na haya.
Vitu vilevile, vimenuniana.

Nikamkumbuka wifi yangu Ngollo.
Tangu Pasaka hatusalimiani, na kichanja ni kimoja.
Daftari langu lasema namdai elfu kumi na nane, za chumvi.
Daftari lake lasema yeye ndiye anayenidai,
kumi na nane zilezile.

Mwanga wa simu ukanifikia begani.
"Minza, usitoe tisa. Toa hasi tisa.
Hiyo hasi iache nje, mlangoni, kama ndala."

Nikaiacha.
Ndani: x, kutoa, mbili.
Kama kule. Herufi kwa herufi kama kule.

x²(x − 2) − 9(x − 2)

Nikacheka peke yangu gizani,
Masalu fundi viatu akageuka kunitazama.

(x − 2)(x² − 9)

"Tumemaliza?"
"Bado. Tisa ana siri."

(x − 2)(x − 3)(x + 3)

Tatu na hasi tatu, ukuta kwa ukuta,
kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa.

Kabla hatujatoka mwalimu akafuta nane, akaandika saba.
"Hii mkajaribu nyumbani."
Nilijaribu mpaka mshumaa ukajimaliza.
Wa kwanza na wa pili. Wa kwanza na wa tatu. Wa kwanza na wa nne.
Haikukubali.
Moja tu imepungua, na mlango haupo.

Asubuhi nilimkuta Ngollo anageuza dagaa.
Sikuomba radhi. Sikuombwa.
Nilishika upande wa pili wa wavu,
nikasema, "Hawa hawajakauka."
"Hawajakauka," akasema.

Hasi haijafutika.
Iko palepale mlangoni, mbele ya tisa,
inasubiri mguu.