Vitabu Hamsini

Nyeupe juu, waridi kati, manjano chini.
Bi Mwanamkuu aliniambia mara moja tu
akaenda kumchukua mjukuu chuoni.

Feni nilikuwa nimeizima, karatasi zisipeperuke;
jasho nikalifuta kwa bega.
Karatasi hizi hazisitiri kiwiko:
ukiziegemea tu, zinakusengenya kwa buluu.

Stakabadhi za kampuni ya makontena, Shimanzi.
Nambari nyekundu, moja hadi elfu mbili na mia tano,
mashine ikigonga ta, ta, ta,
nami nikipanga, nikisawazisha kingo mezani,
nikipaka gundi ubavuni
kwa brashi iliyowahi kupaka ukuta.

Alasiri akarudi.
Akachukua kitabu cha juu, akakwaruza kwa ukucha,
akafunua.
Hamna kitu.
Akavuta cha katikati. Akavuta cha chini kabisa.
Manjano juu, nyeupe chini,
vyote hamsini.

Hakufoka. Alisema:
“Wino uko mgongoni mwa huyu,
macho yako usoni mwa yule.
Wewe umewapanga wapeane visogo.”
Halafu akauliza kama chai imebaki.

Mshahara ulikatwa miezi miwili.
Kitabu kimoja nikakipeleka nyumbani, Kisauni.
Humo naandika deni la dukani kwa Mbwarali,
jina la yule wa Changamwe,
na haya.

Naikandamiza kalamu mpaka meza inaitika.
Waridi, hapo chini tu, haina habari.
Nyeupe imelala.